Maziwa ya Selpha

Aidah, kesho ukienda kwa yule jirani aliyefiwa na mtoto mchanga, usimwambie asilie. Tafadhali.

Mama yangu Selpha alizika mtoto wa kunyonya hapa Malaba, 1974. Akina mama wa kanisa walijaa kwake. Walipika, walichota maji, waliimba.
"Mshukuru Mungu, mama."
Selpha akashukuru. Akashukuru, Aidah! Hata chozi hakuna.

Na gauni limelowa kifuani. Wote wanaona, wanaimba tu.

Ndio akaja Kadija wa msikitini, mke wa mwenye duka. Hakuhubiri.
"Dada, matiti yamejaa. Twende nyuma ya nyumba."
Akamkanda na kitambaa cha maji moto, akamkamua polepole.

Maziwa yakamwagika chini. Hapo ndipo Selpha alipolia.

Kesho beba kitambaa.