Mwalimu wa Neno Moja

Mama Mathilde mupenzi,

Mimi ni musomaji wa majibu yako ya gazetini, wa hapa Kasongo, nisaidie upesi, maana nikikaa hivi mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi nimekwisha, na Ijumaa yenyewe naiona inakuja mbiombio.

Mama, wakati wa vita nilikuwa soda, yaani askari wa Wabelgiji, wakatupeleka Misri, nikawekwa jikoni karibu na kambi ya Waingereza, na kule kulikuwa na sarja mmoja Mwingereza, sauti yake kama ya ng'ombe, kutwa kucha anatupigia kelele za neno moja tu, geti. Tumelala, anasema geti apu, maana yake amkeni. Kamio, yaani lori, ikija kutubeba, geti ini, ingieni. Ikifika, geti auti, tokeni. Akitaka maji, geti wota, leteni maji. Akitaka kujua kama tumeelewa, geti iti. Na mutu akimuchokesha, geti losti, potea mbele ya macho yangu. Vita vikaisha, nikarudi na kaptura ya kaki na neno hilo, watu wa sokoni wakaniuliza, Lukumani, Kiingereza umekileta? Ulimi hauna mfupa, Mama. Nikasema nimekileta chote.

Mzee Atumani muuza vitambaa akasikia. Yeye anataka kufanya biashara na Kigoma, ambako wakubwa ni Waingereza, akanipa barza ya nyumba yake nifundishe kila alasiri. Mimi masomo niliyoyajua ni ya chuo cha Korani, basi nikafundisha vile tulivyofundishwa sisi, mkeka chini, miguu kukunja, kuyumba mbele na nyuma na kukariri kwa sauti moja: Geti apu, amka! Geti ini, ingia! Kila juma maana moja. Wazee wenye ndevu wanayumba, hata Placide, katekista wa misheni, anayumba nao. Mzee Atumani alifurahi mno, akasema Waingereza ni watu wa akiba, neno moja linalisha nyumba nzima. Wakiniuliza ndugu za neno hilo, yaani maneno mengine ya Kiingereza, nawajibu wako wengi lakini wanakaa mbali. Kuku nimeletewa, mayai nimeletewa, nimekula, siwezi kukudanganya.

Sasa mzee huyu iko na binti, Subira. Mama, nampenda mpaka chakula kinanishinda! Nikatuma washenga. Mzee akaniita, akasema, "Mwalimu, neno la kwanza tumelimaliza. Mutoto akimaliza juzuu chuoni, anafanyiwa hitima, watu wanapika, wanakula, na mwalimu anamfungulia juzuu inayofuata mbele ya wote. Na sisi tufanye hivyo. Ijumaa ya mwisho, baada ya sala, nachinja mbuzi, ndugu yangu anatoka Kabambare, wewe unafungua neno la pili, na palepale nawajibu washenga wako." Sheikh alipoambiwa alicheka, akasema hitima ni ya Kitabu, hiyo yenu musiite hitima, lakini wali ni wali, atakuja.

Mama, neno la pili sina! Natafuta kichwani namuona sarja peke yake, ananiambia geti losti. Nikikosa, Subira amekwenda, na Kasongo nzima itanicheka mpaka watoto wa watoto. Mzigo nimekwisha kufunga, niende kwa mjomba wangu kule Wamaza.

Na iko jambo lingine dogo. Subira ni muzuri, lakini iko na makelele, anaharibu masomo. Juzi Placide aliniuliza, Mwingereza akitaka kumwambia mwanamuke "nakupenda" anatumia geti gani? Sijafungua mdomo, Subira akaita nyuma ya pazia, "Baba, kahawa inapoa!" Somo likavunjika. Kisha akapita muuza dagaa wa Kigoma, akataka kunisemesha Kiingereza, Subira akapiga ukelele, "Mbuzi ameingia kwenye unga!" Darasa zima likakimbia uani, mbuzi hakuna. Nilipomkanya alinitazama tu, akasema, "Mwalimu, neno la pili likichelewa, mikono yangu itachoka kukoroga kahawa." Kumbe na uvivu iko nao. Nikimuoa, nimrekebishe namna gani? Na Ijumaa nifanye nini?

Mimi mwenye mashaka,
Lukumani


Lukumani,

Kwanza fungua mzigo. Majibu haya nakutumia kwa posta, na gazetini yatatoka Ijumaa yako ikiisha kupita. Ukijificha Wamaza, watu wa Wamaza nao wanasoma, na mjomba wako atakuwa wa kwanza kukucheka.

Mimi nimekwisha kucheka, sikufichi, mpaka nikavua miwani. Lakini aibu, mwanangu! Wazee wazima umewayumbisha mkekani kwa kelele za jikoni, na kuku wao ukala. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye sufuria ya wali. Huruma yangu kwako ni moja: ulichowafundisha kilikuwa kweli. Geti apu ni amka, wala hukuwadanganya. Uongo ni pale uliposema umekileta chote. Basi tengeneza papo hapo ulipovunja.

Nenda kwa Mzee Atumani kabla ya Ijumaa, asubuhi, kisu cha mbuzi hakijanolewa, na washenga wako nyuma yako. Sema, "Baba, neno langu ni moja, na limekwisha." Usimwongezee hadithi za Misri. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki. Akinyamaza, mkumbushe jambo ambalo kila aliyepita chuoni analijua, na wewe hofu imekusahaulisha: mwalimu akifika mwisho wa elimu yake hatungi sura. Anamshika mwanafunzi mkono, anampeleka kwa aliyemzidi, na akipenda anakaa naye mkekani asome tena. Nani amewahi kumcheka? Kwa hiyo mtafute yule muuza dagaa wa Kigoma, umwombe afungue neno la pili mbele ya watu. Wewe kaa mstari wa mbele, uyumbe kuliko wote. Hao ndugu wa geti wanaokaa mbali, yeye atawaleta. Na karamu ibaki, maana neno moja mmelimaliza kweli.

Sasa hilo jambo lako "dogo". Ee Lukumani! Umeulizwa swali la kukumaliza, kahawa ikapoa. Amekuja mtu wa kukuumbua, mbuzi akaingia kwenye unga. Na mbuzi hakuna! Mwanaume mzima hujiulizi? Msichana anajua siku nyingi kwamba neno lako ni moja. Amesimama nyuma ya pazia anakulinda, tena mbele ya baba yake mzazi, na amekwambia kwa mdomo wake kwamba atachoka. Wewe unaniandikia mimi eti umrekebishe! Rekebisha masikio yako.

Baba yake atawajibu washenga anavyoona, hilo siwezi kukuahidi. Lakini Subira alishajibu zamani, na alijibu kwa kelele, wewe tu hukusikia. Kwa hiyo ukimaliza kukiri usikae barazani ukingoja kuletewa. Vita vizima ulikuwa jikoni: muombe mama yake birika, na kahawa ya siku hiyo koroga wewe, Subira apumzishe mikono.

Mathilde