Maji ya Garini Hayatoki Kwenye Dekio Langu

Kaka Leonard,

Chai iko kwenye chupa. Makapeti ya gari nimeyaanika bafuni, usiyakanyage.

Jana mbele ya wageni wa jumuiya ulisema eti nalowesha gari kwa madekio yangu ya kazini, nirudishe ufunguo wake. Sikubishana kwa heshima ya wageni, lakini sikukubali.

Asubuhi hii mvua ikinyesha, nilipaka poda ya mwanao chini ya dashibodi, nikakaa garini na tochi kuangalia. Maji yakachora njia kwenye poda, yakitokea kwenye kioo cha mbele. Nikafungua boneti. Kaka! Vile vitundu vya kutolea maji ya mvua chini ya kioo umeviziba mwenyewe kwa gundi, siku ile ulipojitia fundi! Maji yakikosa pa kutokea yanaingia ndani. Nimevizibua kwa kijiti, maji yote yakamwagikia chini ya gari.

Ile gundi nimeitupa.

~~Ufunguo nimeuacha juu ya friji.~~ Mstari huo nimeukata makusudi. Nimekwenda na gari kazini.

Jumapili wageni wakirudi, waambie ukweli kwa mdomo uleule. Ukiona aibu, nitawasimulia mimi, na siachi kitu.

Mdogo wako uliyemsingizia,
Benadetha