Karatasi ya Majina Saba

Chuoni, 9 Februari 2003

Bibi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, baridi tu ndiyo inayotuonea. Usinigombeze kabla hujamaliza kusoma: mwaka jana niliingia Udugu wa Shaba, chama cha wapiga tarumbeta wa bendi ya chuo. Tunatimiza miaka hamsini, nami nimepewa kazi ya kuandika historia yetu. Kwenye kumbukumbu za chama, mwaka 1974 una mstari mmoja tu: "Cleophus, aliyetaka kujiunga, aliugua akafariki." Je, unayo picha ya huyo baba mkubwa wangu na tromboni yake?

Mjukuu wako,
Tavaris

Eutaw, Alabama, 17 Februari 2003

Tavaris,

Goti linauma, na sasa umeniongezea kichwa. Unakula lakini? Haya.

Chuo kizima hicho, ukaona uwe ndugu wa watu waliomuua kaka ya baba yako! Akili umeipulizia wapi, kwenye tarumbeta? Cleophus hakuugua. Ili wamkubali, ilibidi ataje waasisi wao saba kwa mpangilio, na kila kosa lilikuwa na kipigo chake cha ubao. Nilimwosha mimi. Mgongo mweusi kama ini. Siku tatu alikojoa damu, ya nne nikamfunga macho. Mkuu wa chuo akaniletea keki ya nazi.

Na hakukosea! Wiki nzima alikariri jikoni kwangu nikikaanga kambare, karatasi nimeishika mimi. Walimpiga kwa raha zao. Andika hivyo. Picha hupati mpaka uniahidi.

Bibi yako

Chuoni, 2 Machi 2003

Bibi,

Shikamoo. Natumaini dawa unameza. Nimelipata daftari la mwaka ule chini ya sanduku la ngoma. Waliandika kila kitu, hata idadi ya mapigo.

Cleophus alimruka Purvis, mwasisi wa nne. Wakampiga, wakamwambia arudie, akamruka tena. Mara tisa, Bibi. Kila mara alisema, "Ndivyo yalivyo! Mama alishika karatasi, akasema sawa." Wakacheka: "Basi mwite mama akushikie na suruali!"

Baba anasema ulijifunza kusoma kanisani mwaka 1975. Cleophus alikuwa ameshazikwa. Ile karatasi uliisomaje?

Mjukuu wako,
Tavaris

Eutaw, 11 Mei 2003

Tavaris,

Hujambo? Mimi sijafa, ingawa umejitahidi.

Sikuisoma. Niliitazama. Nilifua shuka za Wazungu mpaka kucha zikaning'oka ili mtoto aende chuo. Leo nimwambie mama yake hajui hata A? Alipomaliza kutaja nilisema, "Sawa, baba, hujakosea." Akanibusu, akala samaki wake, akaenda.

Hosea, Thaddeus, Willard, Purvis, Ezekiel, Lemuel, Otis. Nilipojua herufi, sikuanza na Biblia. Nilianza na karatasi hiyo. Babu yako amekufa hajui.

Sasa andika. Mama yake hakujua kusoma, akaona haya, akadanganya. Kisha waandike na wale, jina kwa jina, walioshika ubao. Mimi nilishika karatasi, sikushika ubao. Yote mawili, umenisikia? Ukiandika moja ukaacha jingine, usiniite bibi tena.

Picha imo humu. Ole wako uikunje.

Bibi yako

Chuoni, 20 Septemba 2003

Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Kitabu kimetoka, hiki hapa. Picha imetokea vizuri, ukurasa wa kumi na tisa.

Niliandika yote mawili, naapa. Lakini mwenyekiti wa kamati ni mmoja wa wale walioshika ubao, siku hizi ni mzee wa kanisa. Akakata. Kimebaki hiki: "Cleophus alishindwa mtihani wa majina kwa kuwa mama yake hakujua kusoma. Baadaye aliugua akafariki." Sikubishana sana, Bibi. Wiki ile ile walikuwa wakinichagua kuwa rais wa udugu.

Nitakuja Sikukuu ya Shukrani tuongee vizuri. Utanipikia pai ya viazi vitamu?

Mjukuu wako,
Tavaris

Eutaw, 27 Septemba 2003

Tavaris,

Kitabu kimefika. Ukurasa wa kumi na tisa nimeusoma mwenyewe, kwa kidole, mpaka nukta ya mwisho. Safari hii hakuna nilipodanganya.

Usije.

Mama yake Cleophus