Binti wa Muuza Samani

Bibi yangu,

Naanza na habari, salamu baadaye, kama ulivyokuwa ukifanya wewe kabla hata chai haijamiminwa: wameuza. Na safari hii si kituo kimoja cha televisheni wala viwili. Kampuni yenyewe, nzima nzima, imenunuliwa na nyingine kubwa zaidi. Kile chako cha kwenye mahindi kimo humo humo.

Niliisoma habari hiyo chumbani kwako, kwenye tableti yako ile yenye ufa pembeni. Nikainua kichwa kukwambia. Nikakiona kitanda kimetandikwa.

Basi nakuandikia.

Mama hajaziondoa kanga zako kabatini. Anafungua, anatazama, anafunga. Dada Neema wa jikoni sasa anaupika mchuzi wa papa kama ulivyomfundisha, na chumvi ameacha kuizidisha. Soko limehamishwa kutoka Mawaleh, limepelekwa mbali, lakini Mama akitafuta funguo za gari bado anasema, "Nakwenda Mawaleh." Yule Mbangladeshi wako wa nyanya sijui kama amehama nalo. Namkumbuka ulivyokuwa ukimpasha: "Sadiki, wameuza viwili vya kaskazini, wallahi bei ya kutupa!" Naye, huku anapima, anajibu kwa huzuni kabisa, "Zen, mama, zen," yaani vyema, utasema vilikuwa vya babake.

Sasa niache nikuhesabie, uone kama nimeshika.

Babu alipelekwa kusoma Marekani, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi, nawe ukamfuata. Ukachoka kukaa ndani. Ukapata kazi kwenye kituo cha televisheni cha mji ule, chumba cha mitambo, kutia kanda za matangazo ya biashara kwa wakati wake: matrekta, mbolea, magodoro. "Mimi ndiye nliyekuwa nkiwakatia Wamarekani mchezo wao ukinoga," ulikuwa ukisema, unacheka mpaka unashika ubavu. Kisha kampuni ikakinunua kituo. Mkaitwa nyote nje, penye magari, mkakatiwa keki yenye nembo ya wenyewe wapya. Ukauliza kama imetiwa mafuta ya nguruwe. Hakuna aliyejua. "Nkaila kwa macho. Lakini nshakuwa wao."

Mkarudi Muscat. Babu akafariki mapema. Na wewe hukuacha kuifuata kampuni ile, kama mtu anavyofuata habari za ukoo alikowahi kuolewa.

Na uliihesabu kama ulivyotuhesabu sisi. Ijumaa baada ya chakula, wageni wakikaa, ulianza na ukoo wetu: huyu kazaliwa na huyu, yule kamuoa binti wa yule, hawa walibaki Unguja, hawa wakaja huku. Ukimaliza watu, ukaingia kwenye vituo, kwa sauti ile ile, na mwili ukiyumba vile vile. Wajomba walikuwa wakicheka. Mimi nilikuwa nimekaa na kitabu changu mapajani, sisomi, nasikiliza.

Mkubwa wao alikuwa muuza samani. Huyo mwanzilishi wa kampuni alitaka kuuza na redio, na redio isiyo na cha kusikilizwa hainunuliki, kwa hiyo akasimamisha mnara juu ya paa la duka lake akaanza kutangaza mwenyewe. Redio ikazaa televisheni. Televisheni ikaletewa wadogo zake, mmoja mmoja, kutoka miji midogo ambayo wakubwa wa mjini hawakuitazama. Fedha ya kununulia kituo wewe uliiita mahari. Nami kwako ndiko nilikojifunza jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba yale mashirika makubwa ya televisheni ya Marekani hayamiliki vituo vingi vinavyoyarusha. Kila mji una kituo chake na kila kituo kina mwenyewe, na baina ya kituo na shirika kubwa pana mkataba tu. Mkataba huo uliuita ndoa. "Huyu kaachika Jumamosi, kaolewa Jumapili, hata eda hakukaa!" Na serikali yao ilipoweka mpaka, kampuni moja isivishike vituo vya mji mzima peke yake, kampuni ikawa inauza kituo kwa mtu mwingine huku inaendelea kukiendesha. Huyo ulimwita mtoto wa kulea: "Jina la mwenzio, uji wako."

Hospitali, ulipokuwa huna nguvu ya kuhesabu, ulinitaka mimi nihesabu. Nikaanza, midomo tu inacheza. Ukafumbua jicho moja. "Kwa sauti, we mtoto. Nasaba ya moyoni haina shahidi." Hicho ndicho ulichonitaka, na ndicho nisichokiweza. Unanijua. Mimi hata dukani nikiulizwa nataka nini, Mama ndiye anayejibu.

Mwalimu wetu, Abla Muna, alitutaka kila mmoja aeleze mbele ya darasa namna kampuni inavyokua. Wenzangu walichukua mafuta, benki, meli za watalii zinazotia nanga bandarini Matrah. Mimi nikaandika jina la kampuni yako. Abla akaniuliza ndiyo nini hiyo. Nikasema vituo vya televisheni, vya Marekani. Akasema sawa, lakini usisome karatasi, tuzungumzie.

Nilifanya mazoezi jikoni, kwa sababu jikoni pana mtu mmoja tu. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kitabuni: mtaji, soko la hisa, upanuzi. Dada Neema alikuwa anakuna nazi, anapiga miayo. Nikasahau neno. Nikasema, basi, yaani huyu aliachika. Mbuzi ya nazi ikasimama. "Aliachika? Akaenda wapi, mdogo wangu?" Nikamwambia aliolewa na shirika jingine usiku ule ule. "Weee! Na yule mume wa kwanza akanyamaza?" Nazi haikukunwa tena mpaka nilipofika mwisho. Na bado siku ya siku nilikwenda shule na yale maneno ya kitabuni, nikidhani ya jikoni ni ya jikoni.

Bibi, nilisimama mbele ya darasa nikatazama zulia. Nikasema "mtaji". Sauti ikakatika. Nikasema tena "mtaji". Shamsa, yule wa mstari wa mbele ambaye ulimi wake haulali, akasema, "Tumesikia, habibti, mtaji. Umepotea au umepatikana?" Wakacheka. Nami sijui nini kilinishika, mwili wangu ukaanza kuyumba, kidogo kidogo, kama wako. Nikasema: mkubwa wao alikuwa muuza samani.

Nilisema kwa Kiarabu, lakini kilikuwa Kiswahili chako kilichovaa abaya.

Huyu kamzaa huyu. Huyu kaletwa kwa mahari kubwa, fedha ya kukopa, wakaja wakahangaika kuilipa. Huyu wa kulea. Hawa wawili waliuza mawimbi yao kwa serikali ilipoyataka kwa ajili ya simu, sasa wanakaa chumba kimoja kwa ndugu yao, wimbi moja. Niliposema eda haikukaliwa, Shamsa akapiga meza: "Abla, kampuni hii ina talaka nyingi kuliko mtaa wetu!" Abla mwenyewe alijifunika mdomo na shela. Darasa lile, Bibi, hamna asiyejua babu wa babu yake. Hawakuhitaji kufafanuliwa lolote. Wakaanza kubishana wao kwa wao kama yule wa kaskazini ni wa kambo au ni wa tumbo moja.

Katikati nikakosea. Niliruka kituo. Zamani ningekwenda kukaa. Lakini kaida yako ni moja: ukikosea usirukie, rudi kwa mkubwa. Nikarudi. Mkubwa wao alikuwa muuza samani. Darasa likaguna, kisha mtu wa nyuma akaitikia, na mwingine, na tulipofika kwenye redio walikuwa wananihesabia wote. Sauti yangu ilikuwa humo ndani yao, na nilipowaacha nyuma iliendelea peke yake. Niliisikia. Ilikuwa na kwikwi kama yako.

Mwisho Abla akaniuliza: kampuni sasa imemezwa na jina lake litafutwa. Kimebaki nini cha kusimuliwa?

Nikakukumbuka ulivyokuwa ukiwasuta waliokuita kwa jina la Babu: "Mie nna babangu." Nikasema, Abla, sisi mwanamke akiolewa habadili jina la babake. Kituo kile kitabandikwa nembo mpya mlangoni, lakini ni binti wa muuza samani, nyumba yoyote atakayokaa. Na akiwepo wa kumhesabu, anajulikana.

Kisha Shamsa: "Sawa. Na mahari alipokea nani?"

"Wenye hisa," nikasema.

"Na waliofanya kazi humo?"

"Walipewa keki."

Walicheka, halafu wakaacha kucheka mmoja mmoja. Hapo nikawaeleza habari zako wewe, na penye magari, na jinsi ulivyoila kwa macho. Nililitaja jina lako kamili, na la babako, na la babake, mpaka pale ninapojua. Abla alinitaka nilirudie, aliandike ubaoni.

Mama alisikia habari hizi kwa mama yake Shamsa kabla sijafika nyumbani. Hakunisifu, unamjua. Alifungua kabati lako, na safari hii hakufunga tu: alitoa ile kanga yako ya zambarau akaniwekea kitandani. "Ijumaa ni milka ya binamu yako, anafungishwa ndoa," akasema. "Wageni watauliza nani ni nani. Mimi nshasahau nusu."

Jioni yetu ni asubuhi yao, kwa hiyo nilikitazama kituo chako jana. Mtangazaji ana koti lenye nembo ngeni na anatabiri mvua juu ya mahindi. Alipokuwa katikati ya maneno wakamkatia wakatia tangazo la magodoro. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika ubavu.

Allah akupe nuru huko uliko, Bibi, na akupanulie mahali. Ijumaa nitajifunga kanga yako, nitakaa penye mto wako, na nitatuhesabu kwa sauti, hata wa mlangoni asikie. Nikikosea sitarukia. Nitarudi kwa mkubwa, na mkubwa ni wewe.

Mjukuu wako,
Zuwena