Samaki wa Kijito cha Likelo

Jumamosi, 11 Januari 2025
Salongo, usafi wa pamoja wa kijito. Tumekuja watu wanne tu! Zamani ukingo wote wa Likelo ulijaa majirani na makoleo. Sasa wanatuuliza: munalipwa na nani? Tumetoa chupa, pampers, matairi, hata godoro. Wiki ijayo vyote vitakuwa vimerudi. Mianzi tuliyopanda ishike udongo — mbuzi wamekula nusu. Mama Safi, aliyeanzisha kazi hii, anakohoa na kufyeka, anakohoa na kufyeka. Shemeji yangu Sadrack ndiye aliyeshuka matopeni mpaka kiunoni. Bila yeye tungeacha.

Alhamisi, 23 Januari
Samaki! Chini ya daraja la mbao — ngolo wadogo, weusi, wengi. Tangu niolewe huku sijaona kitu kwenye maji yale ila vyura. Mama Safi alilia, kweli alilia. Tukakubaliana: hakuna kuvua, wakue kwanza. Sadrack aliwatazama muda mrefu. Alikuwa mvuvi kule Isangi mpaka nyavu zikaanza kurudi tupu. Sasa ana toleka, anabeba watu kwa baiskeli, na pikipiki zimemmalizia abiria. Nilipaswa kufurahi. Niliogopa.

Jumapili, 2 Februari
Sadrack katuletea ngolo, sahani imejaa. Wametoka wapi? "Mu fleuve, shemeji, mu ule muto mukubwa. Kula tu." Watoto wamelamba vidole. Na mimi nilikula. Sikuuliza tena.

Jumatatu, 3 Februari
Likelo imekuwa nyeupe — matumbo ya samaki juu ya maji. Vyura pia. Maji yananuka dawa ya wadudu — mtu kaimwaga! Mama Safi aliliweka panga lake chini.

Halafu kelele kwa jirani Djuma. Binti yake Malika alioga kijitoni jana jioni. Sasa anatapika, anatetemeka. Tukamkimbiza kituo cha afya. Nesi anauliza: dawa gani? Asipojua, atatibu kwa kubahatisha.

Nikaenda moja kwa moja kwa Sadrack. Hakukana.

"Batoto yangu banalala njaa, Lydie. Ungefanya nini? Bengine bangebakamata tu, wale samaki."

Nikadai chupa ya ile dawa. Akatoa chupa chini ya kitanda. Nikampelekea nesi, nikasema nimeiokota majanini.

Djuma akaniombea baraka — mimi! Mama Safi akasema polepole: "Majani gani? Asubuhi nilipita ukingo yote."

Nikajifanya sijasikia.

Jumanne, 4 Februari
Malika hajafungua macho. Wanangu wazima. Namshukuru Mungu, na naona haya kushukuru.

Vijana wanamtafuta mwenye chupa. Wanasema watamchoma. Kuhusu kijito hakuna anayesema neno. Nimepita darajani: watu washaanza kutupa takataka palepale, mchana kweupe. Nani atawakataza? Mama Safi hakutoka na panga lake leo.

Sadrack yuko hapa tangu asubuhi, amejikunja pembeni ya meza. Nimempa kwanga, mkate wa muhogo, hamezi. Hodi! Ni Mama Safi. Dirishani namwona Djuma nyuma yake, hajanyoa, macho mekundu.

"Shemeji," Sadrack ananong'ona, "utabaambia nini?"

Nimemwonyesha chumba cha watoto. Ameingia, amefunga.

Hodi tena. Mama Safi anaita jina langu, sauti yake ya upole ileile.