Matumizi ya "Take" Uliyoyasikia Kazini

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huko u mzima? Sisi hatujambo, ila goti la Bibi linamsumbua kwenye ngazi. Mwalimu wa Kiingereza anataka tukusanye matumizi ya neno "take" kutoka vinywani mwa watu, si kwenye kamusi. Ninayo matatu tu: kupanda basi, kufanya mtihani, kupiga picha. Wewe unafua mashuka hotelini, Kiingereza unakisikia kutwa. Niandikie uliyoyasikia mwenyewe. Atakayeleta mengi ataingia timu ya mdahalo.

Mwanao

29 Machi

Mwanangu kipenzi,

Marahaba. Sijambo, ni kazi tu. Nimekutegea sikio siku tatu. Wanalisema kwa kumeza vidonge. Kwa kuvuta pumzi ndefu. Kwa kuvua blauzi. Kwa kutoa damu. Kwa kupima joto. Na wakitaka usijichoshe; hilo naambiwa kila asubuhi. Msalimie Bibi.

Mama yako

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama.

Orodha yako imeshinda. Mwalimu alicheka, "Kumbe mama yako ni nesi!" Nikasema hapana, ni dobi wa hoteli. Akaacha kucheka, akanirudishia daftari polepole.

Tangu siku hiyo naisoma kila nikitoka shule. Nani hotelini anamwambia dobi avue blauzi? Mbona hakuna hata mmoja aliyesema chukua shuka, peleka taulo? Na mwandiko wako umelala, kama wa mtu anayeandikia magotini. Nilipomuuliza Bibi alisema, "Wewe mtoto una maswali kama askari wa upelelezi!" Kisha akaenda jikoni, akakaa huko bila kupika chochote.

Nina miaka kumi na minne, Mama. Nijibu moja tu: uko kitanda namba ngapi?

Mwanao

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Kumi na saba, cha dirishani, tangu Januari. Ni kifua. Bibi nilimkataza mimi, usimnunie.

Daktari hupita asubuhi, na Kiswahili hakijui. Nataka kumuuliza kama nitapona, lakini Kiingereza changu hunikauka mdomoni. Niandikie wewe hilo swali, kwa herufi kubwa, kwenye karatasi yake peke yake. Nitampa aandike jibu nyuma, kisha nitakutumia kama lilivyo.

Ulisome wewe kwanza.

Mama yako