Mume wa Daforoza Ametoka

Ijumaa, 1 Februari 1991
Zamu yangu ya gerezani. Alina mgongoni, ndoo kichwani, maharage na viazi vya wanaume wawili. Ijumaa hii mimi, ijayo Daforoza. Silasi wangu na Atanazi wake walichukuliwa siku moja, Oktoba, vita vilipoanza. Kosa lao hatujaambiwa. Tunakaa ua mmoja, tunalia pamoja. Vyombo vimerudi vitupu. Basi wako hai.

Jumatano, 13 Februari
Atanazi ametoka. Nilikuwa Kiyovu, mtaa wa matajiri, nafua mashuka ya watu. Kurudi, ua umejaa, vigelegele. Nikacheka nao. Nikamkumbatia Daforoza. Kisha nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikauma kanga.
Gerezani walipoita majina, la Silasi halikuitwa.
Tulifunga na kuomba pamoja, mimi na Daforoza. Tulishikana mikono. Ombi moja, majina mawili. Mungu amesikia jina moja.

Jumapili, 17 Februari
Daforoza ametoa ushuhuda. Kitenge kipya. Eti Mungu hachelewi. Kanisa zima amina. Mlangoni mchungaji akanishika bega: wakati wa Bwana ndio bora, Mama Alina. Mke wake yuko hapo pembeni anamsubiri waende nyumbani. Nikajibu ndiyo, mchungaji. Moyoni nikasema, lala wewe peke yako tangu Oktoba, halafu uje unihubirie.

Jumanne, 19 Februari
Suruali ya Atanazi iko kwenye kamba, inadondoshea maji nepi za Alina. Nimezisogeza nepi.
Namchukia mtu ambaye hajanikosea. Ndivyo ilivyo, naandika.
Aliona bawaba ya mlango wangu imelegea, akaja na nyundo. Nikamwambia acha, shemeji, mlango huu una mwenyewe. Akashusha nyundo, akarudi kwake. Amekonda. Sikumpa hata maji.

Ijumaa, 22 Februari
Zamu ya Daforoza. Alikuja kuchukua ndoo, nikamkatalia. Wewe mpikie mumeo, nikasema. Akaiacha ndoo. Nikaenda mwenyewe. Foleni ndefu, jua kali, Alina mgongoni ana homa. Mtoto analipia ukaidi wangu.
Nimeomba vibaya leo. Nimesema, kama wangu hunipi, basi Daforoza wake ulimpa kwa nini. Nimesema na mengine. Hayo siyaandiki.

Jumamosi, 2 Machi
Homa ya Alina imeshuka. Asante Bwana.
Daforoza amekuja jikoni kwangu. Nilidhani anataka chumvi. Hakukaa.
"Mama Alina, unanionea wivu wa nini? Gari likipita anajificha nyuma ya kabati. Watoto wakicheka anawanyamazisha. Mtu niliyerudishiwa mimi simjui."
Niliendelea kumenya viazi. Kisha nikaweka kisu chini. Nikamsogezea kigoda, nikammiminia chai. Akalia, akanywa. Halafu akacheka kidogo, na makamasi yake: "Lakini wewe, dada, kumnyima mtu maji!" Nikasema kweli. Nikaona haya mpaka masikioni.
Wivu haujaisha. Silasi ningempokea hivyo hivyo leo hii, na kabati ningemsogezea. Ila pale kanisani nilidhani Daforoza ameshafika mwisho wa njia. Kumbe hata yeye bado anangoja.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwachia Daforoza ndoo. Akaondoka nayo, hakusema neno la kushinda. Nimelala mchana na mtoto. Nimechoka kuliko nilivyojua.
Nimemwambia Mungu, namtaka Silasi leo. Kama si leo, nifundishe namna ya kumpokea. Sitasema tena kwamba umechelewa. Lakini nisidanganye pia, sielewi.

Jumatano, 20 Machi
Wametoa wengine. Mume wa mwanamke mmoja wa bondeni, na kijana wa muuza mkaa. Silasi hayumo. Uliniuma, ule wivu. Nikaenda kupiga vigelegele nao. Sauti ilikataa mwanzoni, ikaja.

Jumatatu, 8 Aprili
Silasi yuko ndani ya nyumba. Siwezi kuandika zaidi.

Jumapili, 14 Aprili
Hatukwenda kanisani. Daforoza alipita kuuliza kama nitatoa ushuhuda, nikamwambia bado. Hakunisukuma. Anajua.
Silasi hasemi. Anakaa juani chini ya ukuta, mikono mapajani. Asubuhi alimwita Alina, mtoto akalia, akajificha kwenye sketi yangu. Hamkumbuki baba yake. Nikauona uso wa Silasi unajifunga. Nilitaka kumbeba mtoto nimtie mapajani mwake, hata kwa nguvu. Nikajizuia.
Mchana Alina akatoka mwenyewe. Akaenda hatua zake za kuyumba mpaka ukutani, akakaa mbali kidogo na baba yake, anatazama viatu vya baba. Silasi hakugeuka. Alivuta mguu tu, kumwachia mtoto kivuli chembamba cha ukuta.
Sikuwaita. Nikarudi jikoni taratibu.